Wasiwasi, Maumivu Sugu na Swali la Mwili na Nafsi

Maumivu sugu ni maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3, muda ambao jeraha la kawaida huwa limekwisha kufunga. Ugonjwa wa wasiwasi si woga wa siku mbili kabla ya kesi au mtihani. Ni hofu inayokaa miezi, isiyolingana na tishio lililopo, inayomkosesha mtu usingizi na kumharibia kazi. Hali hizi mbili hukutwa kwa mtu mmoja mara nyingi kiasi kwamba haiwezi kuwa sadfa tu. Anayeumwa mgongo kwa miaka huishia kuogopa kila kesho, na anayeishi kwa hofu huanza, mapema au baadaye, kulalamikia kichwa, shingo, kiuno au tumbo. Madaktari hawabishani sana juu ya hilo. Ubishi uko kwenye swali la falsafa na dini linalofuata: anayeumia bila jeraha kuonekana, anaumia wapi, mwilini au nafsini? Na ikiwa mwili na nafsi huumizana hivi, nani ana haki ya kumweleza mgonjwa maana ya maumivu yake?

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mahali pazuri pa kulitazamia swali hilo. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi 1,344,687, na zaidi ya 200,000 kati yao wako Tunduma, mji wa mpakani ambako barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inaingia Nakonde, Zambia. Shaba ya Zambia na ya Kongo hupita hapo kwenda bandarini, na mafuta, mbolea na magari hupita kurudi. Reli ya TAZARA nayo inakatiza hapo hapo. Maisha ya watu yamefungwa kwenye kazi zinazouchosha mgongo na moyo kwa pamoja: udereva wa masafa marefu, kubeba mizigo, kubadilisha fedha, upishi wa mama lishe kando ya barabara, uchimbaji mdogo wa dhahabu wilayani Songwe, kilimo cha kahawa Mbozi ambako bei huamuliwa mbali na shamba.

Dereva wa lori ni mfano unaoonekana kwa macho. Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu ili kupunguza siku za kusubiri, lakini foleni haijawahi kuwa kitu cha kusahaulika, na Mei 2020, wakati wa Uviko, Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku kadhaa. Dereva aliyesimama kwenye foleni ameshatikiswa na kiti kwa zaidi ya kilomita 900. Mzigo si wake, lakini ukipungua ataulizwa yeye. Tajiri anapiga simu, posho inakatika, usiku kuna wezi wa mafuta na turubai. Mabega yake yamepanda karibu na masikio bila mwenyewe kujua, taya limekazwa, pumzi ni fupi na zinaishia kifuani. Anasinzia kwa vipande ndani ya kebini, na kila tandiboi anapogonga mlango moyo unapiga mbio. Asubuhi akitaka kuinama kukaza kamba, kiuno kinakataa. Akifika zahanati, mazungumzo huwa mafupi.

“Baba, picha iko safi na damu iko safi. Huna ugonjwa.”

“Nashukuru, daktari. Sasa kinachoniuma ni kitu gani?”

Mara nyingi jibu la swali hilo huwa ni karatasi ya diklofenaki. Dawa za aina hiyo husaidia kwa siku chache, lakini zikimezwa kwa miezi, tena bila chakula, huchubua tumbo na kuumiza figo. Mtu aliyekwenda na mgongo anarudi na vidonda vya tumbo, na sasa ana maumivu mawili ya kuyahofia.

Jibu lenyewe lipo, na si la kubahatisha. Ubongo hauyapokei maumivu jinsi mizani inavyopokea uzito. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna mahali ambapo ishara za maumivu huachiwa au huzuiwa, na kwamba amri ya kuzizuia inaweza kushuka kutoka ubongoni. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionesha kwamba mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo yenyewe inaweza kubadilika ikawa nyepesi kuhisi kupita kiasi, hata mguso mdogo ukahisiwa kama pigo. Hofu huingia katikati ya mfumo huo. Mtu anapokuwa na wasiwasi wa kudumu, sehemu za ubongo zinazotafuta hatari, hasa amigdala, hubaki macho, homoni za dharura humwagika kila mara, misuli haipumziki, usingizi hukatika, na kukosa usingizi peke yake kunatosha kuongeza ukali wa maumivu. Mwili unakuwa kama mbwa aliyewahi kuvamiwa na mwizi, ambaye sasa humbwekea hata mwenye nyumba. Kisha mgonjwa anaanza kuukwepa kila mwendo unaoweza kumuumiza, misuli inadhoofika kwa kukaa, na udhaifu huo unauma. Ndiyo maana baadhi ya dawa, kama duloksetini, hutibu wasiwasi na maumivu ya mishipa kwa wakati mmoja: njia za ubongo zinazohusika ni zile zile kwa sehemu kubwa.

Mwaka 2020 Shirikisho la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu liliandika upya tafsiri yake rasmi ya maumivu. Liliyaeleza kuwa ni hali ya hisia za mwili na za moyo kwa pamoja, inayohusishwa na kuumia kwa mwili au kufanana na kuumia huko, na likasisitiza kwamba maelezo ya mtu juu ya maumivu yake yaheshimiwe. Dereva wa Tunduma, kwa mujibu wa tafsiri hiyo, anaumwa kweli. Picha safi ya eksirei inasema tu kwamba mfupa haukuvunjika.

Hapa falsafa ina deni la kulipa. Wazo kwamba mwili ni mashine na nafsi ni kitu kingine kabisa limehusishwa na René Descartes, na kila mhudumu wa afya anayesema “ni mawazo tu” anamfuata bila kumjua. Lakini Descartes mwenyewe alibanwa mapema. Mwaka 1643 Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia aliyekuwa akiishi uhamishoni Uholanzi, alimwandikia kumuuliza nafsi isiyo na umbo inawezaje kuusukuma mwili. Majibu aliyopata hayakumridhisha. Miaka 2 baadaye, Elisabeth alipopata homa ndogo isiyoisha na kikohozi kikavu, na familia yake ikiwa katika misiba na aibu za kisiasa, Descartes alimwandikia kwamba chanzo cha kawaida cha homa ya namna hiyo ni huzuni. Yaani mwanafalsafa aliyevitenga vitu viwili kwenye vitabu alivikuta vimeungana kwa mgonjwa aliyemheshimu. Elisabeth ndiye aliyeona vizuri zaidi, na inashangaza kwamba jina lake halitajwi sana vyuoni.

Nyanda za juu za kusini hazikuwa na mgawanyiko huo wa kuanzia. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938, walikuta fundisho lililoitwa pumzi ya watu: manung'uniko ya majirani dhidi ya mtu aliyekosa adabu kwa wazazi au aliyewanyima wenzake yaliaminika kumshukia kama baridi na homa. Tiba haikuwa mizizi peke yake. Ndugu walipaswa kuyasema wazi yaliyokuwa mioyoni, na aliyekasirika alitema maji kuonesha kwamba hasira imetoka. Wandali wa Ileje, ndani ya Songwe ya leo, ni jirani na ndugu wa karibu wa Wanyakyusa kwa lugha na desturi. Ng'ambo ya Mto Songwe, kaskazini mwa Malawi, Watumbuka wana vimbuza, ngoma ya uponyaji iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, ambamo mtu mwenye maradhi yasiyoeleweka huchezewa ngoma, naye hucheza, mbele ya watu wake usiku kucha. Mtu anaweza kuyakataa maelezo ya pepo na laana na bado akakiri jambo moja: mgonjwa hakuachwa peke yake na mgongo wake, wala hakuna aliyemwambia kwamba haumwi.

Kwa upande mwingine, maelezo hayo yana hatari yake, na si ndogo. Swali “kwa nini mimi?” hugeuka kirahisi kuwa “nani amenifanyia?”. Mpiga ramli akishataja jina la shangazi au mke mwenza, mgonjwa anatoka na maumivu yale yale, sasa yana adui anayelala nyumba ya pili. Wasiwasi wake umepata uso. Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, ikihusisha kazi yao na mauaji ya watu wenye ualbino, na kwa mtazamo wa kitabibu pia marufuku hiyo ilikuwa na hoja, maana hofu ya kulogwa ni hofu isiyo na mwisho: hakuna kipimo kinachoweza kumhakikishia mtu kwamba hajalogwa.

Wamoravian walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na tangu hapo injili na dawa vimekwenda pamoja mkoani. Hospitali ya Isoko wilayani Ileje ni ya kanisa hilo. Makanisa ya maombezi yaliyokuja baadaye yameongeza kitu ambacho hospitali haikuwa nacho, yaani muda wa kumsikiliza mtu na mikono ya kumshika. Ng'ambo ya mpaka, Emmanuel Milingo, askofu mkuu Mkatoliki wa Lusaka kuanzia 1969, alianza huduma ya uponyaji mwaka 1973 kwa sababu waumini walimjia na mashawe, hali ya mateso ya mwili na moyo ambayo hospitali ilishindwa kuitaja. Roma ilimwita mwaka 1982 na hakurudi tena kwenye kiti chake. Ugomvi wake na wakuu wake ulikuwa mpana kuliko swali la maumivu, lakini maelfu waliomfuata walikuwa wakisema jambo ambalo dereva wa Tunduma analisema: vipimo ni safi, na ninaumwa.

Tatizo la mimbari linaanza pale uponyaji usipokuja. Muumini ameombewa mara ya tatu, amepakwa mafuta, ametoa sadaka, na mgongo bado. Anaambiwa imani yake ni ndogo, au kuna dhambi hajaitubu. Ni vigumu kupata sentensi inayoweza kumdhuru zaidi mtu mwenye wasiwasi. Inamwongezea tishio kubwa kuliko yote, kwamba Mungu mwenyewe amemgeuka, na inamfanya ajichunguze usiku kucha, kitu ambacho ugonjwa wake ulikuwa tayari ukimlazimisha kukifanya. Kwa maana ya kifiziolojia kabisa, sentensi hiyo inaweza kuongeza maumivu.

Wala haina msingi katika maandiko. Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorintho, anasimulia jinsi alivyoomba mara tatu aondolewe mwiba uliokuwa mwilini mwake, na haukuondolewa. Hakuna mahali anapolaumiwa kwa imani haba. Rafiki zake Ayubu walimweleza kwa ufasaha mkubwa kwamba anateseka kwa sababu alikosa, na mwisho wa kitabu ni wao wanaokemewa. Luka anamwonesha Yesu bustanini, usiku wa kukamatwa, akiwa katika dhiki iliyomtoa jasho mfano wa matone ya damu: dhiki ya nafsi iliyoandikwa juu ya ngozi, kwa yule ambaye Wakristo hawawezi kumshtaki kwa upungufu wa imani. Qurani nayo, katika Sura Yusuf, inaeleza jinsi macho ya Nabii Yaakub yalivyopofuka kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe. Alikuwa nabii, na huzuni ikamwingia mwilini hata hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya miili na nafsi, akishikilia kwamba mtu ni vyote viwili na kwamba ugonjwa wa kimoja hukisumbua kingine. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuishughulikia nusu moja tu. Lawama hiyo haijachakaa.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa upande wa falsafa, hata hivyo, ulitoka vitani. Henry Beecher, daktari wa jeshi la Marekani, aliwahoji askari waliojeruhiwa vibaya katika vita vya Italia na kuchapisha matokeo mwaka 1946. Zaidi ya nusu yao hawakutaka dawa ya kutuliza maumivu, ingawa majeraha yao yalikuwa makubwa. Raia waliofanyiwa upasuaji waliiomba kwa wingi zaidi. Beecher aliona tofauti katika maana: kwa askari, jeraha lilimaanisha kwamba vita vimekwisha kwake na atarudi nyumbani hai, kwa raia, upasuaji ulikuwa mwanzo wa balaa. Mwaka 1978 watafiti wa California walikwenda mbali zaidi. Waliwapa wagonjwa waliong'olewa meno dawa bandia, baadhi yao wakapata nafuu, kisha wakawachoma sindano ya naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni, na nafuu ile ikapungua. Matumaini yalikuwa yameufanya ubongo umwage dawa yake wenyewe.

Kwa hiyo maana ya maumivu haiji baada ya maumivu kama maelezo ya pembeni. Imo ndani ya maumivu yenyewe na inaamua, kwa kiasi, yatakuwa makali namna gani. Hii ndiyo hoja inayowakutanisha daktari, mchungaji, shehe na mganga wa Songwe, wapende wasipende: kila mmoja anapomwambia mgonjwa “maumivu yako ni hiki”, ameshampa dozi. Daktari anayesema “huna kitu” ametoa maana, na maana yake ni kwamba mgonjwa ni mwongo au kichaa. Nabii anayesema “umefungwa na ukoo” ametoa maana. Mfamasia anayesema “ukiacha hizi utalemaa” naye pia. Dozi hizo hazina kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na hakuna anayezikagua.

Si kila maana itumike kwa sababu tu inatuliza. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wengi walieleza kupata nafuu, na kwa maumivu yaliyochanganyika na hofu nafuu hiyo haikuwa ya kujifanya. Lakini matumaini hayashushi sukari ya mwenye kisukari wala hayazuii virusi, na kuna waliofia njiani au kwenye foleni. Nafuu ya kweli iliyojengwa juu ya ahadi isiyo ya kweli ni deni litakaloiva. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyeumwa kichwa kwa miaka mingi na kufanya kazi kiwandani mwaka 1934 na 1935 huku akiumwa, alikataa faraja za kumdanganya anayeteseka. Aliona kuna mateso yanayoushika mwili, nafsi na hadhi ya mtu kwa pamoja, na kwamba wajibu wa kwanza kwa mtu wa namna hiyo ni kumpa usikivu kamili: kumwuliza anapitia nini na kungoja jibu. Ni wajibu mgumu kuliko unavyosikika, hasa zahanati yenye watu 80 kwenye benchi.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo waelimishaji wa afya ya akili hawalisemi vya kutosha. Kujua kwamba wasiwasi huumiza mwili kunaweza kumfanya mhudumu azembee vipimo. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, kukonda, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo unahitaji uchunguzi wa haraka, maana kifua kikuu cha uti wa mgongo huanza hivyo, na katika mkoa wenye wachimbaji wa dhahabu na wasafiri wengi hilo si jambo la nadharia. Wasiwasi hutajwa kwa sababu dalili zake zipo, si kwa sababu vipimo vimekosa kitu.

Tiba inayoheshimu mwili na nafsi pamoja si ya gharama kubwa. Inaanza na kuambiwa ukweli: maumivu ni halisi, chanzo ni mfumo wa hatari uliobaki wazi, na mfumo huo hufundishika polepole. Inaendelea na kurudisha mwendo kidogo kidogo, usingizi wa saa zinazofanana, pumzi za tumboni, dawa pale zinapohitajika, na mtu wa kuzungumza naye. Hilo la mwisho limejaribiwa karibu: daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha bibi wa mitaani kusikiliza na kusaidia kutatua matatizo, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki, na jaribio lililowahusisha watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Zanzibar. Songwe ina wazee wa kanisa, mashemasi, maimamu na akina mama wa vikoba wa kutosha kufanya kazi hiyo, na wengi wao tayari wanaifanya bila mafunzo.

Swali la mwanzo, mwilini au nafsini, limekaa vibaya, na kulikataa ndiko kulijibu. Mtu mzima ndiye anayeumwa. Anayetaka kumtibu dereva wa Tunduma na amguse mgongo, amuulize analala saa ngapi na anaogopa nini, na asimwambie neno lolote juu ya Mungu, majirani au mishipa yake ambalo hawezi kulisimamia atakaporudi wiki ijayo bado anaumwa.